Mpishi Aliyekula Amesimama

Mtu akikuambia kwamba mpishi wa Mikumi na mlinzi wa Mikumi walivuka bahari kutoka India hadi Dar es Salaam kwa nguvu ya upepo, una haki ya kumtazama mara mbili. Mikumi ina tembo, ina nyani wanaoiba sukari mezani, ina malori yasiyokatika kwenye barabara ya Mbeya. Bahari haina. Lakini Kishiwa, huyo mpishi, alivuka, picha zipo kwenye simu ya bintiye, na kwa kuwa kijijini kwake, Mabwerebwere, wameshaanza kuitia chumvi safari yenyewe, kuna hata anayeapa kwamba nyangumi aliingia jikoni, afadhali isimuliwe ilivyokuwa.

Kishiwa ni Msukuma. Wazazi wake waliteremka kutoka Shinyanga na ng'ombe wao na plau zao, wakatafuta malisho na ardhi katika bonde la Kilosa, naye akakulia huko huko, akichunga, akipalilia mpunga, akisonga ugali wa watu wengi kabla mikono yake haijatosha kushika mwiko. Aliolewa na mwanamume aliyeitwa Shimba. Shimba akaenda machimboni Chunya kutafuta maisha, akayapata, akayaishi huko huko na mwanamke mwingine. Kishiwa akabaki na mtoto mmoja, Paulina, na mama yake mzazi, Bibi Kashindye, katika nyumba ya vyumba viwili Mabwerebwere. Kazi akaipata Mikumi, jikoni kwa hoteli moja ya watalii, akawa anarudi nyumbani kila apatapo mapumziko. Wote wakamwita Mama Paulina, hata waliomzidi umri.

Mwenye hoteli alikuwa mzee wa mipango mingi. Safari hii aliona wageni wake, wakishamaliza kuangalia simba, wapelekwe kuangalia pomboo. Akanunua yoti kuukuu yenye milingoti miwili huko Kochi, kusini mwa India, kisha akagundua kwamba yoti haiji yenyewe. Akampata nahodha, Kapteni Urbanus, mzaliwa wa Ukerewe aliyeanzia ziwani na kuishia bahari kuu. Akampata fundi wa injini, Cleopa, mtu aliyeongea na injini kuliko alivyoongea na watu. Akampata binti mmoja wa Tanga aliyesomea ubaharia, Yudith. Akabakiza nafasi mbili, ya mpishi na ya mtu wa zamu, na kwa kubana matumizi akageukia watu wake wa hotelini.

"Nataka mtu asiyesinzia kazini," alisema.

Kishiwa, ambaye alikuwa amepita tu kuchukua vitunguu, akajibu, "Basi mchukue Lemayan."

Lemayan alikuwa mlinzi wa getini, kijana wa Kiparakuyo, ndugu wa Wamasai, kutoka Twatwatwa, mrefu, mpole, mwenye macho ya kuona pundamilia mahali ambapo wewe unaona vumbi. Kwa hiyo jambo zima, likienda vizuri au vibaya, lilikuwa la Kishiwa. Yeye ndiye aliyefungua mdomo.

Siku ya kuondoka mama yake kijana, Nashipai, alikuja hadi getini. Kishiwa akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba," kisha akauangalia mkoba wa mwanawe kana kwamba ndio uliokuwa ukimpeleka.

"Huyu ndiye wa mwisho kwangu," akasema hatimaye. "Baharini sikujui. Wewe ni mzazi, nakukabidhi."

"Atarudi kama alivyoondoka, mama," Kishiwa akasema. Alilisema neno hilo kwa moyo wote, na tangu hapo likamkaa shingoni.

Siku za mwanzo baharini hazina la kujivunia. Kila mtu alikumbatia ndoo yake, isipokuwa Kapteni, aliyekula mayai huku akiwatazama. Baadaye matumbo yakazoea, na maisha yakapata utaratibu wake. Jiko lilikuwa limening'inizwa ili liyumbe na chombo, na Kishiwa alipika amejifunga mkanda ulioshikizwa kwenye kabati, la sivyo angejikuta na sufuria upande wa pili. Nguo zilifuliwa kwa maji ya chumvi na sabuni isiyotoa povu, zikakauka ngumu mpaka suruali iliweza kusimama bila mtu. Asubuhi Yudith aliokota samaki warukao walioanguka sitahani, akawaleta jikoni huku akiwaomba radhi. Kwa mchana mzima hapakuwa na kitu cha kutazama ila maji, na Kishiwa, aliyezoea milima kila upande, alijiuliza mtu anawezaje kuishi mahali pasipo na kitu cha kuegemeza macho.

Chombo kiliendeshwa kwa zamu. Mmoja yuko kwenye usukani, wengine wamelala au wana kazi. Anayetoka zamu anajipakulia kwenye sufuria lililofungwa kwa kamba, anakula haraka, anajitupa kitandani. Cleopa alikula amekaa ngazini huku kichwa kikianguka kwa usingizi. Yudith alikula na visikizi masikioni, akitikisa mguu. Kapteni alikula juu ya ramani yake, ndiyo maana visiwa fulani vilikuwa na mchuzi. Mpishi peke yake hakuwa na zamu. Yeye alifuata matumbo ya watu.

Lemayan hakumwacha ajipakulie. Huyo alikuwa amana. Akishuka kutoka zamu ya alfajiri au ya alasiri, alikuta sahani yake imefunikwa, na Kishiwa akimsogezea.

"Kula mwanangu. Mimi nitakula baadaye."

"Asante, mama," Lemayan alisema. Naye Kishiwa akarudi kwenye masufuria yake.

Ila sahani ilikuwa ikirudi kama ilivyokwenda. Kijana alikunywa chai ya rangi, akatafuna biskuti moja, akasema ameshiba. Mwanzoni Kishiwa alidhani ni bahari. Akamchemshia tangawizi, akamkamulia ndimu, akampikia uji mwepesi. Sahani zikarudi. Akabadilisha mapishi: wali wa nyanya, ugali na dagaa, viazi, maharage aliyoyachemsha nusu siku. Sahani zikarudi, na zikirudi zilishukuriwa kwa adabu kubwa, jambo ambalo liliumiza zaidi. Mashavu ya Lemayan yakaanza kuingia ndani. Shuka lake jekundu, alilolivaa juu ya koti la mvua na kumchekesha Yudith hadi machozi, sasa lilimzunguka mara mbili.

Ndipo Kapteni akaja jikoni, akaegemea mlango.

"Mama Paulina, kijana wako amebaki macho na masikio. Jana tunapunguza tanga, mikono inamtetemeka. Ni mtu mzuri, sina ubaya naye, ila siwezi kubeba mtu wa kuniangukia baharini. Tukifika Mahe anashuka, anapanda ndege, anarudi kwao."

"Kapteni, mzee amesema watakaoileta yoti ndio watakaopewa ajira humo. Akishushwa, ameikosa."

"Bora aikose akiwa hai."

Mahe, kisiwa cha Shelisheli walichopangiwa kupumzika, kilikuwa kinakaribia kwenye ramani yenye mchuzi. Kishiwa alijiona amesimama getini Mikumi, anamrudishia Nashipai mtoto aliyekauka, aliyetumwa nyumbani kama mzigo ulioharibika.

Akaamua kupigana kwa silaha ya mwisho. Kwenye friji ndogo ya chombo alikuwa amehifadhi mtindi kidogo wa sokoni Kochi. Akakoroga maziwa ya unga mazito, akayachemsha, akayaacha yapoe mpaka yanavumilika kidoleni, akatia mtindi ule, akafunga chupa kwenye blanketi na kulala nayo kitandani kwake ili mawimbi yasiiyumbishe. Usiku kucha hakujigeuza. Mfugaji gani, aliwaza, atakataa maziwa mgando katikati ya bahari? Yakaganda vizuri, meupe, mazito, yenye uchachu ule ule wa nyumbani. Alasiri, kabla Lemayan hajapanda zamu, akamwekea bakuli lake na kulifunika kwa sahani.

"Kunywa mwanangu. Mimi baadaye."

Lemayan alifunua, akayatazama. Kishiwa aliona koo lake likimeza. Kisha kijana akafunika tena, polepole, kwa mikono miwili, akapanda kwenye usukani.

Kishiwa ana hasira, tusimsingizie upole asio nao. Alilichukua bakuli, akalionja kwa kidole kuhakikisha halina kasoro, likawa halina, na hapo ndipo hasira ikampanda kweli. Akajifungua mkanda wa jiko, akapanda ngazi na bakuli mkononi, akatokea kwenye jua la alasiri, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga wakati wa zamu ya kijana yule.

"Lemayan."

"Naam, mama."

"Haya maziwa yana nini?"

"Hayana kitu, mama. Ni mazuri."

"Yana sumu?"

"Mama!"

"Basi ni mkono wangu. Sema tu. Baba zetu waligombea malisho na visima, ninakumbuka, nilikuwa mdogo, tulilala porini kwa woga. Na ninajua mnavyosema, kwamba ng'ombe wote wa dunia hii Mungu aliwapa nyinyi, sisi Wasukuma tuliwaiba tu. Hata huyu wa kwenye kopo nimemwiba, sivyo? Kama mkono wa Msukuma unakutia kinyaa, niambie, nimwombe Kapteni akupikie yeye, ingawa yule anaunguza hata maji."

Lemayan alishika usukani akitazama dira. Upepo ulikuwa nyuma yao, chombo kikienda kwa utulivu. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyesingiziwa jambo ambalo hajawahi hata kuliota.

"Mama Paulina, mimi ninakusubiri wewe."

"Unanisubiri mimi? Kwa lipi?"

"Kula." Akasita, maana alikuwa kijana mwenye aibu. "Kwetu, mtu wa rika langu hali peke yake. Maziwa ndiyo kabisa, huwezi kuyagusa kama hakuna mwenzako. Kuna sherehe ya kutufungulia hilo, wazee hawajatufanyia bado. Pale getini nilikula na Samsoni, tumetahiriwa pamoja, hatujawahi kuachana sahani. Hapa nilimfuata Cleopa na sahani yangu, nikamkuta amelala. Nikamfuata Yudith, ana vitu masikioni. Nikasema basi, Mama Paulina ndiye mtu wa nyumbani. Nitakula naye."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie mama yangu nina njaa, mtu mzima kama mimi? Na wewe mwenyewe ulisema baadaye. Kila siku unasema, mimi nitakula baadaye. Nikajua mama akisema baadaye, atakuja. Ninakaa na sahani, ninasubiri, zamu inafika, ninairudisha."

Kishiwa akakaa kwenye ubao wa pembeni. Ile baadaye yake! Haikuwa ahadi, lilikuwa neno tu la mdomoni, la kumfanya mtu aanze kula. Baadaye yake ilikuwa kusimama mbele ya sufuria, mgongo umeegemea kabati, akikwangua ukoko kwa mwiko kabla ya kuosha vyombo. Alikula hivyo hotelini, ambako mpishi haketi. Alikula hivyo nyumbani, kwanza kwa sababu mwanamume hula kabla, halafu kwa sababu mwanamume hayupo na chakula hakitoshi, halafu kwa mazoea. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokaa chini na sahani yake. Hakukumbuka. Na mtu huyu mwenye njaa alikuwa amekaa hatua chache kutoka jikoni, siku baada ya siku, na chakula mapajani, akimsubiri yeye. Hapana aliyewahi kumsubiri kwa chakula. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Mama, nimekukosea?"

"Hukunikosea hata kidogo. Kunywa."

"Kunywa wewe kwanza. Wewe ni mkubwa."

Akanywa, akampa bakuli. Lemayan akafumba macho, akanywa, akamrudishia. Likaenda na kurudi mpaka likaisha, na mkono mmoja wa kijana haukuachia usukani.

"Samsoni akisikia nimekunywa maziwa na mama," Lemayan akasema akijipangusa, "atanicheka mpaka tuzeeke."

"Mwache acheke. Yeye ameshiba."

Tangu alasiri hiyo Kishiwa alipanga siku yake upya. Sufuria likiiva, alipakua sahani mbili, akapanda nazo kwenye usukani, akakaa. Ilimpa taabu mwanzoni. Mwili ulitaka kuinuka, kwenda kuangalia moto, kufuta kitu, kumwongezea mtu chumvi. Lemayan alikuwa akishusha kijiko chake papo hapo anapomwona ameinuka, na hakukinyanyua mpaka arudi, hivyo ikabidi ajifunze kukaa. Wakila walizungumza mambo ya nyumbani, mvua zilivyokuwa Lumuma, huko huko Kilosa, ng'ombe gani wana maziwa mengi, wa Kimasai au wa Kisukuma, na juu ya hilo hawakupatana hata siku moja. Kwa mara ya kwanza tangu Kochi, Kishiwa aliona kwamba bahari haikuwa tupu. Ilibadilika rangi kila kitambo, na jioni ilikuwa na kijani cha majani ya mpunga.

Cleopa akawa wa kwanza kunusa jambo. Alipanda na sahani yake akidai kule chini kuna joto. Siku ya pili Yudith akafuata, visikizi vikining'inia shingoni. Kishiwa akaacha sahani, akapakua kwenye sinia moja, akaliweka juu ya taulo lililoloweshwa ili lisiteleze. Mchana mmoja Kapteni alitoka na sahani yake na ramani yake, akawakuta wanne wamezunguka sinia wakibishana kuhusu ng'ombe. Akasimama. Alikuwa mtu wa sheria: zamu ni zamu, na watu wa zamu nyingine wanapaswa kuwa wamelala. Alimtazama Lemayan akivunja ugali, akachovya, akameza, akavunja mwingine.

"Nisogezeeni," akasema, na ramani akaikalia.

Walipofika Mahe, Kishiwa hakushuka. Alijifanya anasugua jiko, masikio yote yakiwa sitahani, akingoja kusikia tiketi ya ndege ikitajwa. Lemayan naye alikuwa amekunja nguo zake mkobani, akiwa tayari kwa lolote. Walifunga kamba, wakajaza maji, wakashona tanga lililochanika, na Kapteni hakutaja kitu. Jioni akaja mlangoni pa jikoni, akaegemea kama siku ile.

"Mama Paulina, kesho unakwenda sokoni?"

"Ninakwenda, Kapteni."

"Nunua maziwa ya unga ya kutosha hadi Dar." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na mwambie huyo kijana akunjue nguo zake."

Kishiwa alicheka peke yake jikoni, akapiga na kigelegele kidogo ambacho kiliwashtua watu wa chombo cha jirani.

Sehemu iliyobaki iliwaendea vizuri, ila mvua moja iliyowalowesha magodoro na tanga moja lililopasuka kwa kishindo. Dar wakafika, wakapanda basi, na getini Mikumi Nashipai alikuwa ameshafika. Alimshika mwanawe mikono, mabega, mashavu, akimkagua kama ndama aliyepotea na kurudi. Alipomaliza akaja kwa Kishiwa, akavishika viganja vyake na kuvitemea mate kidogo, kama wanavyobariki kwao. Kishiwa akaona neno lake limetoka shingoni.

Kesho yake alikuwa Mabwerebwere. Paulina alikuwa amerefuka, Bibi Kashindye alikuwa amezidi kuwa mfupi. Alipika yeye, ingawa walimkataza: wali, kuku wa kuchoma na mchicha. Akapakua sahani tatu, akatandika mkeka, akamnawisha mama yake mikono. Kisha akajinawisha yeye, akaketi, akaivuta sahani yake karibu.

Paulina hakugusa chakula. Alimtazama mama yake, akamtazama bibi, akamtazama tena mama yake.

"Kula, mbona hivyo?" Kishiwa akasema.

"Mama, leo unakula na sisi?"

"Ninakula na nyinyi."

Binti akainamisha kichwa, akaanza kuchezea wali kwa ncha za vidole. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka mingi nyuma.

"Mimi siku zote nilidhani huwa hutaki."